Maoni Yetu: Tuonyesheni fomu za vituo

Uchaguzi mkuu wa Kenya umepangiwa tarehe 10 Agosti 2027. Kuanzia sasa hadi siku hiyo wananchi wataelezwa mengi kuhusu vifaa vya alama za vidole, seva, setilaiti na kampuni za kigeni. Tunawaomba wasikilize kwa makini, kisha waulize swali moja: fomu ya kila kituo itaonekana na nani, na lini?

Kura za Kenya hupigwa kwenye karatasi. Huhesabiwa mezani mbele ya mawakala, na jumla yake huandikwa kwenye fomu ambayo leo hata mtoto wa shule anaijua kwa jina, 34A. Msimamizi wa kituo hutia saini, mawakala hutia saini, nakala hubandikwa mlangoni. Kila kinachofuata, kiwe cha mtandao au cha lori, ni kusafirisha habari iliyokwisha kuandikwa. Teknolojia yenye faida ni ile inayoiweka fomu hiyo mbele ya macho ya watu wote kabla mtu yeyote hajapata mwanya wa kuichezea. Isiyofanya hivyo ni mzigo kwa mlipa kodi, hata iwe imetoka kiwanda gani.

Wapo watakaotujibu kwamba karatasi nazo huibiwa. Wana hoja, na Kenya inaijua hoja hiyo kwa damu. Mwaka 2007 hapakuwa na seva ya kulaumu. Hesabu zilifika ukumbi wa KICC jijini Nairobi kwa simu na faksi, nyingine zikichelewa bila maelezo ya kueleweka, na mwenyekiti wa tume ya wakati huo, Samuel Kivuitu, baada ya kumtangaza Mwai Kibaki alisema hajui kama kweli Kibaki alishinda. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza uchaguzi huo, ilikuta hesabu zimevurugika kiasi kwamba mshindi hawezi kujulikana, ikashauri nchi itafute mfumo wa kielektroniki wa kujumlisha na kupeperusha matokeo. Ushauri huo ulikuwa sahihi. Tulipopotea ni pale wakubwa walipoanza kutuambia kwamba mashine ikishanunuliwa, uaminifu nao umenunuliwa.

Mashine zikanunuliwa. Tarehe 4 Machi 2013 kompyuta za kutambua wapigakura zilizimika katika vituo vingi, betri zikiwa zimekwisha, na madarasa mengi yaliyogeuzwa vituo hayakuwa na soketi ya umeme. Upeperushaji wa matokeo nao ukakwama. Kwenye skrini za Bomas, ukumbi wa kujumlishia kura za kitaifa, idadi ya kura zilizoharibika ilipanda hadi kushtua, kisha tume ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikiizidisha mara nane. Mwishowe wasimamizi wa maeneobunge walisafiri mpaka Nairobi wamebeba fomu zao mikononi. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.07, yaani kura elfu chache tu juu ya nusu. Pengo dogo namna hiyo lilihitaji hesabu isiyo na doa, na mfumo wenyewe ulikuwa umeanguka mbele ya taifa zima.

Mwaka 2017 makosa yalikuwa mazito zaidi, nasi tunataka tume mpya iyasome moja baada ya jingine. Mkataba wa vifaa vya KIEMS, vya kutambua wapigakura na kutuma matokeo, vipatavyo 45,000, ulitolewa Machi mwaka huo kwa kampuni ya Ufaransa bila zabuni ya wazi, ikiwa imebaki miezi mitano tu kabla ya kura. Siku chache kabla ya uchaguzi tume ikatangaza kwamba vituo zaidi ya 11,000 havikuwa na mtandao wa kutosha wa kutuma matokeo. Habari hiyo ilipaswa kujulikana mwaka mmoja kabla. Halafu Chris Msando, aliyesimamia teknolojia ya tume na ambaye ndiye aliyekuwa akiueleza umma mfumo huo, akapatikana ameuawa mwishoni mwa Julai. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Taifa lililojenga matumaini yake yote juu ya mfumo mmoja lilishindwa kumlinda mtu aliyeuelewa kuliko wengine.

Ilipofika usiku wa tarehe 8 Agosti, tarakimu zilianza kumiminika kwenye skrini. Zilikuwa tarakimu tupu. Fomu zilizopaswa kuandamana nazo hazikuonekana, na mwenyekiti Wafula Chebukati alimtangaza mshindi ilhali maelfu ya fomu 34A hayajafika mikononi mwa tume. Waangalizi wa kimataifa, akiwamo John Kerry wa Kituo cha Carter, waliusifu mwenendo wa kura. Waliona foleni na masanduku, mambo yanayoonekana kwa macho. Hesabu ilikuwa ikifanyika mahali wasipopaona. Mahakama ya Juu ilipoamuru seva zifunguliwe zikaguliwe, tume haikutii amri hiyo kikamilifu. Tarehe 1 Septemba, majaji wanne kati ya sita, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, walifuta uchaguzi wa rais. Ilikuwa mara ya kwanza barani Afrika mahakama kufuta ushindi wa rais aliye madarakani.

Hukumu ile inafaa kubandikwa ofisini mwa kila tume ya uchaguzi katika kanda hii. Majaji hawakuhitaji kuthibitishiwa ni nani aliyeingia kwenye seva na alifanya nini humo. Walisema, kwa maneno yetu, kwamba uchaguzi unapimwa kwa njia nzima iliyopitwa na hautazamwi kwa tarakimu ya mwisho peke yake, na kwamba anayekataa kufungua mlango asilalamike watu wakidhani ameficha kitu ndani. Kabla ya hapo, Juni mwaka huohuo, Mahakama ya Rufani katika kesi ya Maina Kiai na wenzake ilikuwa imeamua kwamba matokeo ya rais yanayotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho na Nairobi haina ruhusa ya kuyabadilisha. Hukumu hizo mbili zilirudisha mamlaka ya hesabu pale ilipofanyika, mbele ya watu walioiona.

Mwaka 2022 Wakenya wakala matunda yake. Tume ilifungua lango la umma na kupandisha humo picha za fomu 34A kutoka vituo 46,229, na kwa siku mbili tatu karibu zote zikawa humo. Mwanafunzi wa Kisumu, mvuvi wa Lamu, Mkenya aliyeajiriwa Doha, kila mmoja aliweza kufungua fomu ya kituo alichokijua na kuilinganisha na ile iliyobandikwa mlangoni. Vyombo vya habari vilianza kujumlisha vyenyewe. Ni kweli kwamba jumla zao zilipishana, kwa kuwa kila kituo cha televisheni kilianza na fomu zake, na kwamba wengi waliacha kabla ya kumaliza. Tunadhani walikosea kuacha. Lakini wakati makamishna wanne kati ya saba walipojitokeza tarehe 15 Agosti kuyakana matokeo, na Bomas kukazuka vurugu, nchi haikuwa gizani kama 2007. Fomu zilikuwa mikononi mwa watu.

William Ruto alipewa asilimia 50.49 na Raila Odinga 48.85. Kesi ilikwenda Mahakama ya Juu ikiwa na madai kwamba fomu zilidakwa njiani na kubadilishwa. Wasajili wa mahakama walichukua fomu halisi, wakazilinganisha na zile za lango na nakala za mawakala, na hawakukuta tofauti. Majaji wote saba wakaukubali uchaguzi huo tarehe 5 Septemba. Wapo wasioridhika hadi leo, na hiyo ni haki yao. Tunachosema ni kwamba dai zito liliweza kupimwa kwa siku 14 kwa sababu kulikuwa na karatasi ya kulipimia.

Hata hivyo 2022 haikuwa safi, na anayeisifu kupita kiasi anatuandalia ajali nyingine. Wakati wa kesi, sehemu za mfumo hazikufunguliwa kwa wadai kwa hoja kwamba programu ni mali ya kampuni iliyouza, Smartmatic. Hoja hiyo haikubaliki. Mwananchi hawezi kuambiwa kwamba njia iliyopita kura yake ni siri ya biashara ya mtu. Mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani ilisema kwamba raia asiye na utaalamu wowote lazima aweze kukagua hatua muhimu za uchaguzi, na mashine za kupigia kura zikaondolewa nchini humo. Februari 2020 Mahakama ya Juu ya Namibia nayo iliamua kwamba kutumia mashine za kura zisizotoa ushahidi wa karatasi ni kinyume cha katiba. Kenya isiweke sahihi mkataba mwingine ambao muuzaji anaweza kuutumia kuizuia mahakama.

Majirani zetu wametuonyesha upande wa pili. Congo ilipiga kura tarehe 30 Desemba 2018 kwa mashine kutoka Korea Kusini. Mpigakura aligusa picha ya mgombea kwenye skrini, mashine ikachapa karatasi yake. Kifaa kipya, karatasi mkononi. Mtu angedhani mambo yametengemaa. Kanisa Katoliki lilisambaza waangalizi wapatao 40,000 na likasema hadharani kwamba takwimu lilizokusanya hazilingani na mshindi aliyetangazwa na tume. Data zilizovuja zilionyesha Martin Fayulu akiongoza kwa takriban asilimia 60. Tume chini ya Corneille Nangaa ilimtangaza Félix Tshisekedi kwa asilimia 38.57, na haikutoa hesabu za kituo kwa kituo. Intaneti ilikuwa imezimwa siku moja baada ya kura, ikarudi baada ya wiki kadhaa, mambo yakiwa yamekwisha amuliwa. Mashine zilifanya kazi, karatasi zilikuwepo, na bado raia hakuonyeshwa chochote. Nangaa huyo leo anaongoza muungano wa kisiasa unaoshirikiana na waasi wa M23, ambao silaha zao zimewahamisha watu wa Goma na Bukavu.

Na hatusahau watu wa Beni na Butembo. Walinyimwa kura siku ile, sababu zilizotolewa zikiwa Ebola na usalama. Zaidi ya wapigakura milioni moja wakaambiwa wasubiri hadi Machi, rais akiwa amekwisha apishwa Januari. Wakazi wa Beni walijipanga foleni na kupiga kura zao wenyewe, bila mashine, bila tume, kwa karatasi walizozitengeneza. Kura zile hazikuhesabiwa na yeyote mwenye mamlaka. Zinatuambia, hata hivyo, jinsi watu wetu wanavyoithamini haki hii pale wenye vifaa vya mamilioni wanapoichezea.

Nigeria iliahidi mengi Februari 2023. Tume yake ilisema picha za matokeo ya vituo zingepandishwa kwenye mtandao papo hapo. Ilipofika jioni, fomu za ubunge zilipanda, za urais zikakwama. Tume ikataja hitilafu ya kiufundi, na baadaye Mahakama ya Juu ikasema kupandisha fomu hizo hakukuwa sharti la kisheria la matokeo kuwa halali. Ahadi ya tume bila sheria nyuma yake haina meno, na hilo ndilo tunalolisisitiza kwa Bunge letu. Sheria ya uchaguzi ya Kenya tayari inaitaka tume ichapishe fomu kwenye lango la umma. Iongezwe sentensi moja: asitangazwe mshindi wa urais kabla fomu za vituo vyote hazijachapishwa.

Mfano mwingine umetoka mbali. Venezuela ilipopiga kura tarehe 28 Julai 2024, kila mashine ilichapa muhtasari wa kituo na mawakala wakapewa nakala. Upinzani ulizikusanya, ukaziweka mtandaoni zaidi ya asilimia 80 ya vituo vyote, zikimwonyesha mgombea wao akiwa mshindi kwa mbali. Tume ya nchi hiyo ilimtangaza Nicolás Maduro na haikuchapisha hesabu za vituo. Maduro aliapishwa. Karatasi haikumwondoa, lakini ilimnyima uwezo wa kudai kwamba hakuna ajuaye kilichotokea.

Yote haya yanategemea kitu kimoja ambacho serikali zetu zimezoea kukichukulia kama bomba la maji la kufungwa zipendapo. Uganda iliizima intaneti usiku wa kuamkia kura ya 14 Januari 2021 na kuirejesha siku tano baadaye. Mgombea wa upinzani, Robert Kyagulanyi, alikuwa amewatengenezea wafuasi wake programu ya simu ya kutuma picha za fomu za vituo. Ikanyamaza pamoja na mtandao. Januari 2026 ikazimwa tena, na siku ya kura vifaa vya alama za vidole vikagoma katika vituo vingi hadi daftari la karatasi likaruhusiwa. Tanzania iliizima tarehe 29 Oktoba 2025, siku yenyewe ya kupiga kura, ikarudi tarehe 3 Novemba. Katika siku hizo mshindi alitangazwa na kuapishwa, na familia nyingi zilikuwa zikiwatafuta watu wao bila njia ya kupiga simu ya WhatsApp wala kutuma ujumbe.

Serikali husema zinazima ili kuzuia uongo na vurugu. Uongo upo, hatukatai. Mwaka 2017 video zisizo na mwenyewe ziliwaonyesha Wakenya nchi iliyoteketea chini ya urais wa Raila, na ikaja kubainika kwamba nyuma ya kazi hiyo ilikuwa kampuni ya matangazo kutoka Marekani. Mwaka uliofuata mkubwa wa Cambridge Analytica alinaswa na kamera ya siri ya televisheni ya Uingereza akijigamba jinsi walivyoendesha kampeni za Uhuru Kenyatta mara mbili. Leo sauti na sura ya mgombea zinaweza kughushiwa na kijana mmoja mwenye simu. Lakini uongo kuhusu matokeo hustawi katika saa ambazo tume iko kimya. Fomu zikiwa wazi, anayedai kituo cha Likoni kimeibwa anajibiwa kwa fomu ya Likoni. Mtandao ukiwa umezimwa, hajibiwi, na uvumi huendelea kupita mdomo kwa mdomo bila mtu wa kuusahihisha.

Mahakama ya ECOWAS iliamua 2020 kwamba Togo ilivunja haki za raia ilipozima mtandao 2017. Jumuiya ya Afrika Mashariki haina kisingizio cha kukaa kimya. Wala Tanzania isijifiche nyuma ya ibara ya 41(7) ya katiba yake, inayozikataza mahakama kuchunguza matokeo ya urais yaliyokwisha kutangazwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo makao yake yako Arusha, ilisema mwaka 2020 kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Bila mahakama ya kuipokea, fomu ya kituo inabaki kuwa malalamiko yaliyoandikwa vizuri.

Kwa tume ya Kenya chini ya Erastus Ethekon tuna mambo ya kuomba sasa, wakati kuna nafasi. Mikataba yote ya vifaa iwe hadharani, pamoja na kifungu kinachomlazimisha muuzaji kufungua mfumo wake pindi mahakama inapoamuru. Jaribio la kupeperusha matokeo lisifanyike katika hoteli ya Nairobi mbele ya kamera. Lifanyike Turkana, Mandera na bonde la Mto Tana, mahali ambapo simu hutafuta mtandao juu ya kichuguu, na matokeo ya jaribio yatangazwe hata kama ni ya kuaibisha. Daftari lililochapishwa liwe limefungwa kwa lakiri katika kila kituo, na masharti ya kulifungua yajulikane mapema, ili msimamizi asianze kupiga simu Nairobi saa tatu asubuhi foleni ikiwa imezunguka uwanja. Lango la fomu liruhusu mtu yeyote kuchukua nakala ya kila kilichomo tangu saa ya kwanza, magazeti, vyuo, vyama na makanisa, ili nakala ziwe nyingi kiasi kwamba hakuna atakayeweza kubadilisha moja bila kugunduliwa.

Na watumishi walindwe. Baada ya Msando, 2022 msimamizi wa uchaguzi wa Embakasi Mashariki alitoweka wakati wa kujumlisha kura na akapatikana amekufa. Hawa ni watu wenye familia, wanaolala mezani kwa siku tatu ili hesabu zetu zikamilike. Tume iwaombee ulinzi wa polisi kwa majina na kwa maandishi, kuanzia siku wanapokabidhiwa vifaa hadi siku kesi ya mwisho itakapoamuliwa, na ituambie ni ofisa gani wa polisi atakayewajibika kwa kila mmoja wao.